Mwalimu Kabla

Bango lilisimamishwa Jumapili mchana, na Jumatatu asubuhi, kabla hata maji ya chai hayajachemka ofisini, daktari wa meno akapiga simu kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

"Limesimama!" Sauti yake ilijaa chumba, maana Bosi aliiweka simu mezani ili wote wasikie. "Ukitokea njia panda ya shule huwezi kulikosa. Kubwa kama nyumba! Na yule dada anavyocheka, utadhani amekuona wewe peke yako."

Bosi akapiga makofi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuutafutia ule wa kusomea, na ofisi yake ya matangazo ilikuwa vyumba vitatu tu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wake walikuwa watu wa mtaani: muuza magodoro, mwenye saluni, fundi makenika, mwenye bucha. Mwaka huo wawili walikuwa wamehamia ofisi nyingine, na daktari wa meno ndiye aliyebaki tegemeo.

"Umesikia, Rula? Kazi yako hiyo!"

Rula aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake.

"Njia panda ya shule ipi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwani ziko ngapi?"

"Si tulikubaliana vipeperushi tu? Vya kukaa pale mapokezi, kliniki?"

"Daktari alivipenda, akataka na bango. Ijumaa wewe uliomba ruhusa ukaenda kwa wazee wako, faili nikaipeleka mwenyewe kwa wachapaji." Bosi alimtazama juu ya miwani. "Kwani kuna herufi imekosewa?"

"Hapana," alisema Rula huku akichukua koti. "Herufi zote ziko sawa."

Jina la Rula alipewa na wenzake kwa sababu hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Akiingia kwa mteja, salamu haijaisha, mkono umeshanyoosha kalenda ukutani. Lakini alikuwa fundi, na alikuwa na maneno ya kuchekesha. Ndiye aliyemshauri mwenye bucha aachane na nembo ya ng'ombe anayecheka. "Mzee wangu," alimwambia, "mteja atajiuliza, huyu ng'ombe anacheka nini na anajua anakopelekwa?"

Kisa hicho cha ng'ombe ndicho kilichomchekesha Mwalimu.

Mwalimu alikuja ofisini mwaka uliopita kuleta kazi ya vyeti vya shule yake. Siku ya pili alirudi na sampuli imejaa wino mwekundu. "Hapa umeandika 'amehitumu'," alisema, akiweka kidole. "Na hapa mwanafunzi umempa tabia 'njema sama'. Nikupe ngapi kwa kumi?" Rula akasema, "Nipe nafasi ya kurudia." Akarudia vyeti, na kila alipovirudia alitafuta sababu ya kuvipeleka shuleni mwenyewe.

Mwalimu alikuwa na macho ya kumsahaulisha mtu alichotaka kusema, na jino moja la mbele lililompanda mwenzake. Kwa ajili ya jino hilo, kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Miezi mitatu Rula alikijua kicheko chake kwa macho tu. Ndipo siku ile ya ng'ombe, wamekaa kwenye ngazi za ofisi, kicheko kilimvamia Mwalimu ghafla, mkono mmoja una soda, mwingine una mfuko wa madaftari, na hakikufunikwa. Rula akapiga picha.

"Ifute," alisema Mwalimu.

"Siifuti hata kwa dawa."

"Basi usimwonyeshe mtu. Niahidi."

"Naahidi."

Tangu siku hiyo, akiwa na Rula, Mwalimu hakufunika tena mdomo wake.

Wiki tatu zilizopita, daktari wa meno alitakiwa kuleta picha za mgonjwa wake aliyeridhia kutangazwa. Kila siku alisema kesho. Asubuhi ya kumwonyesha kazi ikafika, Rula hana sura ya kuweka, akaweka ile ya ngazini. Ya kuzibia nafasi tu, alijiambia. Kushoto Mwalimu anacheka, chini yake KABLA. Kulia Mwalimu yule yule, meno yamenyooka kama mstari wa daftari, chini yake BAADA.

Daktari alipiga meza. "Huyu huyu! Sitaki mwingine. Amekubali?"

Neno moja la ukweli lingetosha. Lakini Bosi alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezama na kuona kamba.

"Amekubali," alisema Rula.

Alipanga kumwambia Mwalimu jioni ile ile. Jioni ile Mwalimu alikuwa na furaha, mama yake amekubali wazee wa Rula waje kuposa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akasema kesho. Uongo ukilala usiku mmoja huamka na watoto, na wa Rula walikuwa wameshajaa nyumba.

*

Aliliona bango kabla ya kuiona shule. Lilisimama juu ya vibanda vya njia panda, na kicheko ambacho Mwalimu alimpa yeye mmoja kilikuwa kinawachekea wauza matunda, madereva na mbwa.

Langoni wanafunzi walikuwa wamejazana, vichwa juu.

"Mwalimu Kabla!" alipiga kelele mmoja, na wengine wakadaka. "Mwalimu Kabla! Mwalimu Kabla!"

Katikati yao alisimama Mwalimu, madaftari kifuani, kiganja mdomoni. Binti mdogo wa darasa la kwanza alimvuta sketi, bila ubaya wowote moyoni mwake. "Mwalimu, kesho ndiyo utakuwa Baada?"

Mwalimu alipomwona Rula, alipasua kundi la watoto akamkimbilia.

"Umeona? Umeona walichonifanyia?"

"Nimeona."

"Ile picha yetu! Mtu ameiiba kwenye simu yako, au kwenye kompyuta ya ofisi. Nani anashika kompyuta yako? Fikiri vizuri. Nani?"

Rula alifungua mdomo. Ukweli ulifika mpaka kwenye ulimi, ukaona macho yale yanavyomtegemea, ukarudi.

"Nita... nitafuatilia," alisema.

"Nilijua." Naye Mwalimu, aliyekuwa hakubali hata kushikwa mkono mbele ya wanafunzi, aliweka paji la uso begani kwa Rula, kwa muda wa pumzi moja tu. "Nilijua utafuatilia."

Angempiga kofi, Rula angeshukuru.

"Mama ameshaambiwa," Mwalimu aliendelea, akifuta macho haraka. "Baba mkubwa yuko njiani kwenda kliniki, na ana hasira za kutosha ukoo mzima. Mchana tutakutana na waliochora hili. Na wewe uwepo. Unajua anavyosema, kwamba mchora picha si mume. Leo akuone ukinisimamia, Jumamosi wazee wako watapokelewa kwa mikono miwili."

"Sikiliza, kuna jambo..."

Kengele ikalia. "Utaniambia mchana," alisema Mwalimu, akageuka. Alivuka uwanja huku kiganja hakijatoka mdomoni, na watoto nyuma yake wakiliimba lile jina kwa sauti ya chini.

*

Daktari aliwaambia Baba mkubwa na wenzake ni ofisi gani iliyochora bango, na kwa hofu ya kelele kliniki kwake akaja nao. Saa nane mchana walikaa wote kwenye chumba cha wateja: Bosi na daktari upande mmoja, na upande wa pili Baba mkubwa, mama yake Mwalimu, na Mwalimu. Mwalimu alishtuka kidogo alipojua waliochora ni ofisi ya Rula. Akafikiri: basi mwizi ni mwenzake wa meza ya jirani. Akamwekea Rula kiti kando yake.

Rula alikaa pale. Hakujua angekaa wapi pengine.

Baba mkubwa alikuwa mstaafu wa posta, aliyemlea Mwalimu tangu baba yake mzazi afariki. Alizungumza polepole, kama mtu anayegonga mihuri.

"Sikuja kugombana. Nimekuja kuchukua jina la mwizi. Mtoto wetu ni mwalimu. Leo hakufundisha hata somo moja. Kila akigeuka ubaoni, nyuma watoto wanacheka."

"Mzee wangu," daktari alisema, mikono juu ya meza, "mimi nina binti wa umri wake. Ningejua, lile bango lisingesimama hata dakika. Lakini niliuliza. Mama huyu ni shahidi. Niliuliza, huyu dada amekubali? Nikajibiwa, amekubali."

"Ukajibiwa na nani?"

Chini, dukani, mtu alianza kukata chuma. Mlio wa msumeno ulipanda mpaka chumbani. Bosi alivua miwani akamtazama Rula, na polepole uso wake ukaelewa kitu ambacho hakutaka kukielewa. Lakini daktari hakujua nani ni nani katika upande ule wa pili. Alinyoosha kidole bila kinyongo.

"Na kijana huyo, hapo kando ya dada."

Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la kumsaidia mtu aliyekosea. "Hapana, daktari. Umechanganya watu. Huyu ni wa kwetu."

"Ni mimi," alisema Rula.

Chuma kilikatika.

"Ni wewe nini?" Mwalimu aliuliza.

"Ni mimi niliyeiweka. Hakuna aliyeiba. Nilikosa picha, nikaweka yako, daktari akaipenda, nikasema umekubali. Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka kukwambia."

"Asubuhi, pale langoni, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nikuegemee."

Rula aliinamisha kichwa. Alitamani sakafu ipasuke imdondoshe katikati ya mabati na misumari ya dukani.

"Inua uso," mama yake Mwalimu alisema. Hakupaza sauti. "Inua uso unione. Mimi ndiye niliyekusemea. Shemeji yangu huyu alikataa mara mbili, mimi nikasema, huyu kijana anamheshimu mwanangu, nimemwona anavyomtazama. Nilisema hivyo mbele ya watu. Sasa mwanangu, nifiche wapi uso wangu?"

"Nisamehe, mama."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza nifiche wapi."

Baba mkubwa alitingisha kichwa. "Wahenga wanasema apendaye chongo huita kengeza. Huyu wa kwetu kapenda jino, kaliita ugonjwa, kalipandisha juu ya nguzo."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka machozi.

Mwalimu alikuwa amechukua kipeperushi kilichokuwa mezani. Alikikunjua, akakilaza mbele ya Rula, kama anavyomlazia mwanafunzi daftari lake.

"Hii ya Kabla nimeielewa," alisema. "Ulikosa nyingine, ukaogopa kusema. Ni vibaya, lakini nimeielewa. Nieleze hii ya pili. Hii ya Baada uliichora lini?"

Bosi alijaribu kuokoa jahazi. "Mwanangu, hizo ni kazi za kompyuta tu, mtu anagusa hapa na hapa..."

"Namuuliza yeye, mama. Lini?"

Rula alijua jibu lililo rahisi. Angesema, asubuhi ile ile ya kazi, kwa haraka, kwa ajili ya daktari. Hakuna kiumbe duniani ambaye angeweza kumbishia. Alilitazama jibu hilo na kuona ni uongo wa tatu wa ukoo ule ule, akaliacha.

"Siku moja baada ya kukupiga picha," alisema. "Miezi minane kabla daktari hajaja. Nilitaka tu kuona ungekuwaje."

Mama yake Mwalimu alivuta pumzi kama mtu aliyeungua. Bosi alifumba macho.

"Na ulionaje?" Mwalimu aliuliza.

"Niliona mtu mwingine. Mtu nisiyemjua. Nikaifunga."

"Ukaifunga."

"Lakini sikuifuta. Ilipokuja kazi ya daktari, nilikuwa nayo tayari."

Mwalimu alikikunja kipeperushi kikawa kama kilivyokuwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na hilo ndilo lililomuumiza Rula kupita yote.

"Mimi niliacha kujifunika kwa ajili yako. Tangu utotoni sijacheka mbele ya mtu mkono ukiwa chini. Nikasema, huyu ananiona na hajali. Kumbe ulikuwa umeona, ukaenda nyumbani, ukanirekebisha."

"Nilikuwa mjinga."

"Hapana. Mjinga hufundishwa. Wewe ulijua, ndiyo maana ukaificha."

Daktari, mtu mwema asiyejua la kufanya na wema wake, alikohoa. "Dada, kama itasaidia kupooza moyo, mimi niko tayari kuyapanga hayo meno bila malipo yoyote. Hata wiki hii."

"Ahsante, daktari," Mwalimu alisema akisimama. "Sikuja kutafuta meno."

Baba mkubwa naye alisimama, akachukua kofia yake. "Na wale wazee wako," alimwambia Rula, "waambie wabaki kwao. Jumamosi nitakuwa na kazi."

"Kazi gani, shemeji?" mama aliuliza, akili yake ikiwa mbali.

"Ya kukaa," alijibu Baba mkubwa, wakatoka.

Mwalimu hakugeuka nyuma. Rula alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, zile zile walizokaa siku ya ng'ombe, moja moja, mpaka ya mwisho.

Bosi alibaki kitini akizungusha miwani. "Ningekuwa na akili ningekufukuza sasa hivi," alisema. "Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ile niliuona uso wako ukisema 'amekubali'. Niliona haukukaa vizuri. Nikaamua sijaona." Alivaa miwani. "Nenda kwa wachapaji. Chukua ngazi na watu. Lile dude lisilale pale."

Halikulala. Saa kumi na moja Rula alishika kamba mwenyewe, na lilipoteremka kicheko kilijikunja katikati, kikaanguka vumbini kifudifudi. Alilibeba begani mpaka ofisini, na faili zote mbili akazifuta mbele ya Bosi, ile ya kulia kwanza. Kisha akaenda kwa wazee wake, akawaeleza kila kitu bila kupunguza. Mama yake alilia. Baba yake, ambaye alikuwa ameshanyoosha shati la Jumamosi likaning'inia mlangoni, aliliondoa, akaingia chumbani, na hakusema neno.

*

Jumanne Mwalimu hakupokea simu. Rula alipiga mara sita, mara ya saba ikapokelewa na mama.

"Hajala tangu jana," alisema mama. "Leo amekwenda kazini amevaa mtandio mpaka puani, na jua hili. Bango umelitoa, nimesikia. Lakini ukutani pa shule wameandika kwa chaki, na njia nzima watoto wanaimba. Jina utaliteremsha kwa ngazi gani?"

Akakata. Rula alikaa na swali hilo siku nzima, hakuchora hata mstari mmoja ulionyooka.

Jumatano saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, mzee mfupi wa maneno machache.

"Unataka kusimama mstarini ufanye nini?"

"Niwaambie ukweli."

"Yeye anajua umekuja?"

"Hajui."

Mwalimu mkuu alimpima kutoka viatu mpaka nywele. "Dakika tatu. Na usiwafundishe uongo mpya."

Rula alikuwa amezoea kusimama mbele ya wateja watano akaelezea rangi. Hapa mbele yake walikuwa watoto mia sita, wamejipanga kwa madarasa, na mbele ya darasa la nne alisimama Mwalimu, mtandio usoni, macho yamemtoka kwa mshangao, kisha kwa hasira.

"Ile picha mliyoiona njia panda," alianza, sauti ikapasuka. Watoto wa mbele wakacheka. Akaanza upya. "Ile picha niliiweka mimi. Mwalimu wenu hakuniruhusu. Aliniambia nisimwonyeshe mtu, nikaahidi, nikavunja ahadi. Nikaulizwa na daktari mwenye bango, nikadanganya. Mwalimu mwenyewe akaniuliza, pale langoni, mbele yenu, nikamdanganya na yeye. Kwa hiyo kama mnatafuta mtu wa kumcheka, ni mimi. Yeye hakufanya kosa lolote. Alicheka tu, na alinichekea mimi, na mimi nikaenda kukitundika kicheko chake juani."

Mkono mwembamba ulinyanyuka darasa la tano.

"Uliza," alisema mwalimu mkuu, kinyume na alivyopanga.

"Kwani meno ya Mwalimu yana ubaya gani?" aliuliza binti wa darasa la tano.

"Hayana ubaya."

"Sasa wewe uliyanyoosha ya nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Bosi hakumuuliza hivyo, wala Baba mkubwa. Rula alitafuta jibu la kumfaa mtoto, akakosa, akatoa lile alilokuwa nalo.

"Nina tabia mbaya. Nikiona kitu kimekaa kivyake, nadhani kimekosea. Nilimfanyia hivyo mtu ninayempenda, na sasa naona haya hata kumtazama."

Neno "ninayempenda" lilipita mistarini kama upepo kwenye majani. Watoto mia sita waligeuza shingo kwa wakati mmoja kumtazama Mwalimu. Mvulana mmoja nyuma alipiga mluzi akafinywa sikio.

"Darasani," alisema mwalimu mkuu. "Mstari mmoja mmoja. Na ile chaki ukutani nikitoka saa nne niikute imefutwa."

Mwalimu alimfuata Rula mpaka langoni, hatua zake za haraka na kali.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Tena! Hata kuomba msamaha unaomba bila kuniuliza. Jana nilikuwa nina meno tu. Leo shule nzima inajua nina mchumba mwongo. Nikiingia darasani sasa hivi nitaanza na hesabu au na wewe?"

"Umesema una mchumba."

"Usinisahihishe. Kusahihisha ni kazi yangu." Alivuta mtandio chini ya kidevu ili apumue, na Rula aliona macho yamevimba, midomo imekauka. Hakuwa mtu aliyesamehe. Alikuwa mtu aliyechoka kulia. "Pale ofisini ungeweza kuniambia uliichora asubuhi ile. Ningeamini. Kwa nini hukusema hivyo?"

"Ungeniamini. Ndiyo maana."

Mwalimu aliangalia pembeni, barabarani, mahali palipobaki nguzo mbili tupu. Kutoka darasa la nne zilianza kelele za watoto wasio na mwalimu.

"Sijui kama nitaweza kucheka mbele yako tena," alisema mwishowe. "Sisemi kukuumiza. Sijui tu. Ninapokuona nasikia haya, halafu nakasirika, kwa sababu haya si zangu, ni zako."

"Ni zangu. Nirudishie."

"Ningejua namna, ningekurudishia zote." Alikunja mikono. "Wazee wako uliwaambia nini?"

"Kila kitu. Mama analia. Baba hajanisemesha tangu juzi."

"Anafanya vizuri." Alianza kuondoka, akafika katikati ya uwanja, akasimama bila kugeuka. "Waambie wasubiri."

"Wasubiri mpaka lini?"

"Rula. Nimesema wasubiri."

Akaingia darasani. Kelele zilikatika kama taa.

Rula alisimama nje ya lango. Watoto madirishani walimnyooshea kidole, "Yule! Mwongo yule!", naye hakugeuza uso wala kuharakisha hatua. Alipofika njia panda alitoa simu, akampigia baba yake. Iliita mpaka karibu ikatike. Upande wa pili mtu alipokea, akavuta pumzi.

"Baba," alisema Rula. "Amesema msubiri."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alisikia sauti ya baba yake.

"Amesema mwenyewe? Au umemsemea?"

"Mwenyewe, baba. Kwa mdomo wake."

Mzee alifikiri.

"Basi tutasubiri," alisema, akakata simu.